UZI: Likasi na Kolwezi 1992–1993. Kabla hujasema "ukabila", uliza nani aliingia kwenye zile nyumba

Mwana_Kamalondo

Wakuu, salaam.

Kuna uzi mmoja humu watu walikuwa wanabishana kuhusu Kongo, akatokea mchangiaji akafunga mjadala kwa kusema makabila ya kule yamechukiana tangu enzi za mababu, hayasaidiki. Akapata like za kutosha. Mimi ni wa Lubumbashi, nimezaliwa na kukulia hapa, nikaona hili silipitishi. Mambo ya Kivu nawaachia wenye Kivu. Nasimulia ya kwetu Katanga: jinsi Wakasai, yaani watu wenye asili ya Kasai, mkoa jirani, walivyofukuzwa katika miji ya migodi ya Likasi na Kolwezi, watu laki kadhaa, na dunia ikapita bila hata kugeuza shingo kwa sababu macho yote yalikuwa Somalia na Bosnia.

(Nikiandika Kenya ndani ya uzi huu namaanisha komini ya Kenya hapa Lubumbashi, jirani na Katuba. Si ile ya Nairobi. Tusije tukagombana bure.)

Tuanze na hili: Wakasai hawakuvamia Katanga. Waliletwa.

Kampuni ya Union Minière ilianzishwa mwaka 1906. Reli kutoka kusini ikafika hapa 1910, na wafanyakazi wengi wa mwanzo walitoka Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo. Kusini mwa Katanga watu walikuwa wachache, na hao waliokuwepo hawakuwa wajinga: waliona afadhali kulima mahindi na kuwauzia wenye kambi kuliko kushuka shimoni kufa. Kampuni ikaanza kutafuta watu mbali, Kasai, Lomami, mpaka Ruanda-Urundi. Mtu wa mbali ana faida moja kwa tajiri: hawezi kutoroka jioni akarudi kwao.

Kuanzia 1928 wakabadili mtindo. Mfanyakazi akapewa mkataba wa miaka mitatu, akaruhusiwa kuja na mke, akajengewa nyumba kambini, akapewa posho ya unga, zahanati, na shule ya wamisionari kwa watoto. Mwaka huohuo reli ya BCK ikakamilika kutoka Bukama mpaka Ilebo, ikipita katikati ya nchi ya Kasai. Kutoka hapo, kuja Katanga ikawa ni kupanda treni tu.

Shikeni hiyo habari ya nyumba. Nyumba haikuwa ya mtu, ilikuwa ya kazi. Ukipoteza kazi, umepoteza nyumba, posho, zahanati na shule ya mtoto, vyote kwa siku moja. Mji mzima ulijengwa hivyo. Sasa ukitaka kumwondoa mtu katika mji wa namna hii huhitaji kuchukua shamba wala ng'ombe wake. Chukua kazi yake, mengine yatakufuata yenyewe.

Wakasai waliingia shule za misheni mapema na kwa wingi, kwa hiyo wakawa makarani, mafundi, wauguzi, walimu. Wabelgiji nao wakaandika kwenye ripoti zao kwamba Mkasai ni mchapakazi na mwenyeji ni mvivu. Maneno hayo yalisemwa mbele ya wote wawili, kila mmoja akayabeba nyumbani kwake. Mmoja akavimba kichwa, mwingine akaweka kinyongo.

Desemba 1957 ulifanyika uchaguzi wa kwanza wa komini. Hapa Élisabethville (Lubumbashi ya leo) viti vingi vya umeya vikaenda kwa watu wenye asili ya nje ya Katanga. Haikupita mwaka, Oktoba 1958, ikaundwa Conakat, chama cha akina Godefroid Munongo na Moïse Tshombe, ajenda yake kubwa ikiwa kuwatetea "Wakatanga halisi" dhidi ya wakuja. Julai 1960 Tshombe akatangaza kujitenga. Mwaka 1961 makumi ya maelfu ya Waluba, wa Kasai na wa Katanga pia, walikuwa wamejazana katika kambi ya Umoja wa Mataifa palepale mjini wakiogopa kuuawa.

Kwa hiyo "tangu enzi za mababu" inaanzia kwenye kura za Desemba 1957. Wazee waliopiga kura ile wengine tumekula nao meza moja.

Naendelea kesho, umeme wanakata sasa hivi.

Kijana_wa_Mwanza

Mkuu nimeweka kambi hapa, nina maji na karanga. Swali la haraka: Mkasai na Mkatanga ukiwakuta barabarani unawatofautishaje? Lugha? Sura?

Mwana_Kamalondo

Sura hakuna. Lugha: Wakasai wengi ni Waluba wanaosema Kiluba cha kwao, Tshiluba. Ila na Katanga tuna Waluba wetu, Balubakat, na wazee wa pande zote mbili wanasimulia asili moja. Gavana Kyungu wa Kumwanza, aliyeongoza kampeni ya kuwafukuza Waluba wa Kasai, yeye mwenyewe alikuwa Muluba wa Katanga. Na kwa mtoto aliyezaliwa kambini, awe wa huku au wa kule, lugha ya kuchezea ilikuwa Kiswahili. Wengi waliofukuzwa walifika Kasai hawajui hata kusalimia vizuri kwa Tshiluba.

Msanga_wa_Kambove

Ndugu Kamalondo, umeandika vizuri ila chumvi umeiweka upande mmoja. Acha na sisi wenyeji tuseme.

Baada ya Tshombe kushindwa mwaka 1963, Mkatanga alikuwa mtuhumiwa nchini mwake. Zikaja vita za Shaba (ndilo jina la Katanga enzi za Mobutu), 1977 na 1978, ndiyo ikawa balaa: ukiwa Mulunda wa Kolwezi kila askari anakuona umemficha muasi chini ya kitanda. Mobutu alikuwa analeta magavana kutoka mikoa mingine, na wakubwa wa kazini wengi hawakuwa wa kwetu. Mzee wangu alifundisha kazi vijana waliokuja kutoka Kasai hawajashika spana, baada ya muda wakawa wanamsainia likizo. Kwa nini? Mkubwa wa ofisi alikuwa shemeji yao. Likitangazwa gari la kazi, limeshagawiwa jana jikoni kwa mtu.

Sisemi kufukuza ilikuwa sawa. Nasema kilio kilikuwepo, na waliodharau kilio kile ndio walimpa Kyungu umati. Mikutano yake haikujazwa kwa kulipwa. Watu walikwenda wenyewe, kwa miguu.

Lwambo_Og

Ukweli usemwe tu, Wakasai wana majigambo. Hata leo.

Mwana_Kamalondo

Lwambo, majigambo hayajawahi kuwa kosa la kumtoa mtu nyumbani kwake, vinginevyo Lubumbashi nzima ingebaki na kuku.

Msanga, nakubali kabisa na ulichosema kitaingia kwenye sehemu ya pili. Kilio kilikuwepo miaka yote. Kambi zilikuwa na ugomvi wa vyeo tangu enzi za Wabelgiji, watu wakasutana kwenye pombe na kesho wakaenda kazini pamoja. Swali ni kwa nini kililipuka 1992 na si 1972 wala 1985.

Tazama shaba. Mwaka 1986 Gécamines, kampuni ya serikali iliyorithi migodi ya Union Minière, ilitoa takriban tani 476,000. Mashine zilikuwa zinachoka, pesa zilikuwa zinachotwa Kinshasa, vipuri havinunuliwi. Septemba 1990 mgodi wa Kamoto, ule wa chini ya ardhi kule Kolwezi, ukaporomoka. Oktoba 1991 wanajeshi wasiolipwa wakapora Lubumbashi, duka kwa duka. Uzalishaji wa 1993 haukufika hata tani 50,000. Mshahara ukawa karatasi, leo unanunua gunia la unga, mwezi ujao unanunua bakuli. Yaani keki iliyokuwa inagombewa na watu wengi ilibaki chembe.

Halafu siasa. Aprili 1990 Mobutu akaruhusu vyama vingi. Mwaka uliofuata upinzani ukaungana: Étienne Tshisekedi, Mkasai, na UDPS yake, Nguz Karl-i-Bond, Mulunda wa Katanga, na UFERI yake. Mobutu alikuwa hajawahi kukutana na kitu cha kumtisha namna ile. Alichofanya ni kumtoa Nguz kwa kumpa uwaziri mkuu, Novemba 1991. Wakati huohuo Kyungu, mtu wa UFERI, akapewa ugavana wa Shaba. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi mkoa ukapata gavana mzawa, na watu walishangilia kweli. Mimi nilikuwa mtoto, nakumbuka vuvuzela hazikuwepo lakini sufuria zilipigwa.

Agosti 15, 1992 Konferensi ya Kitaifa kule Kinshasa ikamchagua Tshisekedi kuwa waziri mkuu, Nguz akatoka. Wakasai wa huku wakashangilia barabarani. Wenyeji wakaona wanachekwa. Kulikuwa tayari na vijana wa JUFERI, jeshi la vijana la chama, wengi hawana kazi, wametolewa vijijini wakaambiwa kazi zipo ila zimekaliwa. Kwenye mikutano Wakasai waliitwa *bilulu*, wadudu. Mkoa ulikuwa na polisi, mahakama na jeshi. Vyote vikaangalia pembeni.

Mobutu alibaki na upinzani uliogawanyika mapande mawili yanayochinjana, yeye akiwa kwenye meli yake huko mtoni.

Kijana_wa_Mwanza

Kwa hiyo Kinshasa ndiko kulikotoka kiberiti.

Msanga_wa_Kambove

Kiberiti kilitoka Kinshasa, kuni tulikuwa nazo sisi.

Binti_Likasi

Jambo kwenu bote. Miye ni mutoto wa Likasi. Baba Musanga, mama Mukasai, lakini Mukasai wa kuzaliwa Likasi, Kasai yenyewe alikuwa anaisikiaka tu kwa baba yake. Nitajikaza niandike kama ninyi wa Tanzania, musinicheke.

Nilikuwa na miaka tisa. Vijana walikuja jioni, na si watu wageni, ni wa mtaa wetu, mmoja alikuwa anachotaka maji kwetu kila siku. Walibisha hodi. Hawakutukana. Walimwambia baba kwa heshima kabisa: "Baba, wewe unabaki hapa ni kwenu. Mama njo aende kwabo." Mama alikuwa anapika bukari (ugali), mwiko mkononi. Akawauliza: "Kwetu wapi?" Hakuna aliyejibu, walitazama chini. Wakasema watarudi.

Babu na nyanya, wazazi wa mama, walikuwa wazee wa pensheni, kambi yao ilishatolewa watu wote. Wasingeweza kwenda peke yao. Ndivyo ilivyoamuliwa: mama aende nao, achukue mtoto wa kunyonya, miye na kaka tubaki na baba, tuko shule. Baba alifikiri ni mambo ya wiki chache.

Kabla ya kuondoka watu waliuza vitu. Friji kwa bei ya viatu, viatu kwa bei ya mkate. Mama alikuwa na cherehani, alishonea nguo za komunyo mtaa mzima. Aliyeinunua ni mama wa mmoja wa wale vijana. Alilipa pesa ya kununua mikate michache, akaibeba kichwani. Kesho yake akarudi kuuliza sindano za akiba ziko wapi. Mama akampa, na akamwonyesha namna ya kutia uzi chini, maana ile mashine ilikuwa na ukaidi wake.

Stesheni ilikuwa imejaa watu kuliko nilivyowahi kuona. Walilala hapohapo, chini ya mablanketi na masanduku, ndani ya madarasa ya karibu, wakingoja treni ambazo haziji. Mvua ikaanza. Watoto walishikwa na surua na kuhara. Nilikuwa napelekwa na baba kumpelekea mama chakula, na kila tukienda kuna familia imekaa kwa namna ambayo unajua tu bila kuambiwa.

Waliondoka katika behewa la mizigo. Mdogo wangu alikufa njiani kabla ya kufika Mwene-Ditu, kule Kasai. Treni ilisimama, wakazika pembeni ya reli, treni ikaondoka. Mama hakujua pale panaitwaje na hata leo hajui.

Alirudi baada ya Mzee Kabila kuingia, 1997. Babu na nyanya walibaki huko, wamezikwa huko. Baba na mama waliendelea kuishi pamoja, lakini kuna siku fulani hawaongei, na sisi watoto tunajua tusiulize.

Njo vile. Sikuja kulia hapa. Nimeandika kwa sababu Lwambo amesema majigambo.

Lwambo_Og

Pole sana dada.

Mwana_Kamalondo

Pole, yaya (dada yangu). Asante kwa kuandika.

Niongeze yale ambayo mtoto wa miaka tisa asingeyaona. Likasi ilianza kumwagwa Septemba 1992. Kolwezi ikafuata Machi 1993, huko kwa fujo zaidi na kwa haraka zaidi, makumi ya maelfu wakakimbilia stesheni na shule. Hapa Lubumbashi kwenyewe kulikuwa na hofu, vipigo na vifo, lakini mji haukumwagwa namna ile. Mji ulikuwa mkubwa mno, umechanganyika mno. Kenya na Katuba ungeanzia nyumba ipi? Jumla ya waliotoka katika mkoa kila mtu ana hesabu yake, na ya chini kabisa ni laki kadhaa. Waliokufa wanatajwa kwa maelfu. Wengi wao hawakufa kwa panga. Walikufa kama mdogo wake Binti: stesheni, kwenye behewa, au miezi ya kwanza kule walikopelekwa.

Maana kule "kwao" hapakuwa na kitu kinachowangoja. Mtu fundi umeme, amezaliwa kambini, baba yake kazaliwa kambini, anashushwa Mwene-Ditu au Ngandajika anaambiwa kachukue jembe. Ndugu wa mbali wanampokea, baada ya muda chakula hakitoshi, maneno yanaanza. Hawa nao wakaitwa majina huko. Baadhi, wale wenye shule, waliinua sana Mbuji-Mayi: walimu, wauguzi, wahandisi walijaa ghafla katika mji ambao ulikuwa wa almasi tu. Ila hao ndio wanaosimuliwa. Wengine hakuna anayewasimulia.

Mzee_Panzi (Bukavu)

Vijana, nawasoma nikiwa Bukavu. Machi 1993 hiyohiyo mnayoisema ya Kolwezi, huku kwetu soko la Ntoto, Walikale, Wanyarwanda (wa huku Kongo, wasema Kinyarwanda) waliuawa, na vita ikasambaa Masisi nzima kati yao na Wahunde na Wanyanga. Watu wanasimulia kama mambo mawili yasiyojuana. Utawala ni uleule. Huku fimbo ilikuwa uraia: sheria ya 1972 iliwapa, ya 1981 ikawanyang'anya, na vyama vingi vilipokuja ikawa swali ni nani atapiga kura na nani atamiliki ardhi. Kwenu nyumba na kazi, kwetu shamba na machifu. Lakini ni mwezi uleule na serikali ileile iliyokuwa inafurahia kuona wapinzani wake wanashikana mashati.

Tofauti ni kwamba kwenu treni iliondoka na watu, moto ukapungua. Huku majirani walibaki wanatazamana, na 1994 wakaletewa petroli kutoka Rwanda.

Kijana_wa_Mwanza

Shikamoo mzee. Hiyo ya mwezi mmoja sikuwahi kuiona mahali.

Mwana_Kamalondo, kichwa cha uzi umeuliza nani aliingia kwenye zile nyumba. Hujajibu.

Mwana_Kamalondo

Nilikuwa naisubiri hiyo.

Waliingia watu wa kawaida. Wakubwa wa chama walichukua za wakubwa, zile zenye bustani na mwembe. Za kambi zilichukuliwa na vijana wa JUFERI, na watu waliokuwa wanangoja kazi miaka mingi, na wengine hawakuwa na ubaya wowote, waliambiwa tu kuna nafasi, wakaja na masanduku yao. Wakakuta kalenda ukutani na alama za penseli mlangoni za watoto kupimwa urefu. Wakapaka rangi.

Sasa tuwafuate hao washindi.

Mwaka 1994 kampuni ilitoa takriban tani 30,000 za shaba. Kutoka 476,000! Sitaki kudanganya kwamba kuondoka kwa Wakasai ndiko kulikoiua. Kamoto, wizi na vipuri vilishaivunja mgongo. Lakini huwezi kuondoa mafundi, makarani na waendesha mitambo kwa maelfu ndani ya miezi, halafu tanuri likaendelea kuwaka. Hospitali za kambi zilikosa wauguzi, shule zikakosa walimu wa hesabu. Waliokabidhiwa mashine wengine hawakuwahi kufundishwa, na hilo si kosa lao.

Mshahara ukachelewa mwezi, ukachelewa mwaka, ukakata. Mwaka 2003 ukaja mpango wa Benki ya Dunia wa "kuondoka kwa hiari", na wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakachukua malipo ya mkupuo mmoja na kuaga. Hiari gani kwa mtu ambaye hajaona mshahara muda wote huo? Wengi wao ni walewale walioambiwa 1992 kwamba kazi zipo ila zimekaliwa. Pesa ilikwisha kwa teksi mbovu na ada za shule. Leo watoto wao wanachimba kwa mikono kwenye mabaki ya machimbo, pembeni ya uzio wa makampuni mapya.

Na wakubwa? Nguz na Kyungu walitangaza "mamlaka kamili" ya Katanga Desemba 1993, ikaishia hewani. Kyungu akakamatwa na Mobutu mwaka 1995, akatoka, akawa mbunge, akawa spika wa bunge la mkoa, akahama kambi hii na ile. Mwaka 2019 Félix Tshisekedi, mwana wa Étienne, Mkasai, akamteua kuwa mwenyekiti wa bodi ya SNCC. Shirika la reli, wakuu. Someni tena mkipenda. Alifariki Agosti 2021 na akaombolezwa kama baba wa Katanga.

Msanga_wa_Kambove

Mzee wangu alikuwa katika hao 10,000. Sikutaka kusema.

Aliingia nyumba ya kambi 1993. Mwenye nyumba alikuwa mwenzake wa zamu. Walikuwa wanapeana sigara. Sijui nikuambie nini zaidi ya hapo, ila posho aliyoifuata aliila miaka michache tu.

Lwambo_Og

Swali kwa wote, na sitaki kutukanwa. Sasa hivi treni kutoka Kasai zinashusha watu kila mara Lubumbashi na Kolwezi. Vijana wa wewa (bodaboda) karibu wote ni wao. Mwenyeji anasema mji unajaa, ujambazi unaongezeka. Huyo mwenyeji naye ni mbaguzi?

Mwana_Kamalondo

Swali zuri, nalijibu bila matusi.

Wanakuja kwa sababu kwao kumekufa. Almasi ya kampuni ya MIBA iliyokuwa inalisha Mbuji-Mayi ilianguka. Vita ya Kamuina Nsapu, 2016 hadi 2017, iliwatoa watu milioni 1.4 majumbani mwao katika Kasai. Kijana wa miaka ishirini akisikia Kolwezi kuna kobalti, utamzuia kwa hotuba? Mji kujaa ni tatizo la kweli: maji, vyumba, kazi. Anayelisema si mbaguzi. Anayesema "warudi kwao" ajue tayari kuna njia iliyowahi kupitwa na maneno hayo. Novemba 2023, Malemba-Nkulu, kijana wa pikipiki aliuawa, wakashukiwa Wakasai, na Wakasai wengine wasiohusika wakauawa barabarani, watu wakirekodi kwa simu. Ujambazi una polisi. Wewa aliyekuibia ana namba ya pikipiki na chama chao. Ukianza kuuliza anatoka mkoa gani, hapo humtafuti mwizi tena.

Na kuna jambo limebadilika. Nyumba za kazi karibu hazipo. Makampuni ya sasa yanaajiri kupitia wakala, kwa miezi, bila kambi, bila posho. Ukimfukuza Mkasai wa leo huachiwi chochote cha kuingia. Anapanga chumba Katuba kama wewe, pikipiki ni ya mkopo.

Binti_Likasi

Kaka Lwambo, wewa anayenipeleka kazini ni kijana wa Ngandajika. Nilimuuliza kama amewahi kusikia habari za 1992. Alisema nyanya yake alizaliwa Likasi na bado anaongea Kiswahili akiwa na hasira.

Kijana_wa_Mwanza

Hahaha, hapo kwenye hasira nimecheka peke yangu kwenye daladala.

Mkuu, ile kambi ya 1961 uliyoigusa mwanzo, na mambo ya Balubakat na Tshombe, utaifungulia uzi?

Mwana_Kamalondo

Ile ni ndefu na wenye kuishuhudia wanapungua. Kuna mzee wa Ruashi aliyeishi mle kambini akiwa kijana, ameniambia nije Jumapili baada ya misa, ila nije na betri za redio yake. Nikirudi nitafungua.

Mzee_Panzi (Bukavu)

Mpelekee na sukari.